Kesi ya Malcolm X: yanayosimuliwa na yaliyomo kwenye mafaili

Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965, mchana, Malcolm X alipanda jukwaani katika ukumbi wa Audubon, upande wa juu wa Manhattan, New York. Kiongozi huyo Mwislamu, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, alikuwa na miaka 39. Alitoa salamu, watu wakaitikia, mara zogo likazuka katikati ya viti: mtu anamfokea mwenzake autoe mkono mfukoni mwake. Walinzi wakageukia huko. Hapo hapo mtu mwenye bunduki iliyokatwa mtutu akasogea mbele na kufyatua, na wenye bastola wakamalizia. Mkewe Betty, akiwa mjamzito, alikuwa mle ukumbini na mabinti zao.

Mwaka uliofuata wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwezi Novemba 2021, miaka 55 baadaye, mahakama ya New York iliwafutia hatia wawili kati yao: Muhammad Aziz na Khalil Islam, ambao wakati wa kesi waliitwa Norman 3X Butler na Thomas 15X Johnson. Tangu siku hiyo nimesikia habari hii ikisimuliwa kombokombo, tena na watu wenye nia njema, na inaniuma. Makosa hayo yanaficha kile hasa kilichowaweka ndani watu wasio na hatia.

“Wote watatu walisingiziwa”

Hapana. Wa tatu, Talmadge Hayer, ambaye baadaye alijiita Mujahid Abdul Halim, alikamatwa pale pale nje ya ukumbi. Mlinzi wa Malcolm alikuwa amempiga risasi ya mguu, na umati ulikuwa ukimshushia kipigo polisi walipomnyakua. Hatia yake haikufutwa, wala yeye mwenyewe hajaikana tangu alipokiri. Aliachiwa mwaka 2010.

“Laiti Hayer angesema ukweli mapema”

Alisema, na ni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kesi ilipokuwa bado inasikilizwa mwaka 1966, Hayer alirudi kizimbani akakiri kwamba yeye ni mmoja wa wauaji, na akaongeza kwamba Butler na Johnson hawakuhusika kabisa. Alipoulizwa basi wenzake ni kina nani, alikataa kuwataja. Jopo la raia lililokuwa likiamua kesi lingeweza kujiuliza mtu anayejitia kitanzi mwenyewe anapata faida gani kuwaokoa wengine. Lilichagua kutomwamini, likawatia hatiani wote.

Miaka 11 ikapita. Mwaka 1977 Hayer akaandika hati ya kiapo, na baadaye nyingine, akieleza jinsi mpango ulivyosukwa na kuwataja wanaume wanne aliosema ndio walioshirikiana naye, watu wa msikiti wa Newark, jimbo la New Jersey, wa Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu Weusi wa Marekani ambayo Malcolm alikuwa amejitoa. Wakili William Kunstler akazipeleka mahakamani kuomba kesi ifunguliwe upya. Mwaka 1978 jaji akakataa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ukweli ulichelewa kufika. Ulibisha hodi mara mbili, na mara zote mbili haukufunguliwa.

“Ukumbi ulijaa watu, mashahidi wote hao wasingekosea”

Ulijaa kweli, lakini fikiria hali yenyewe. Watu wamelala chini ya viti, risasi zinalia, kila mtu anamtafuta mtoto wake. Mashahidi waliosema wamewaona Butler na Johnson walitofautiana wao kwa wao, na hapakuwa na kitu chochote cha kushikika kilichowaunganisha wawili hao na eneo la mauaji. Na eneo lenyewe? Jioni ile ile ukumbi ulisafishwa, na dansi iliyokuwa imepangwa ikachezwa.

Kuna jambo jingine linalonishangaza mpaka leo. Wawili hao walikuwa wanajulikana sana katika msikiti wa Harlem, ule ule aliouongoza Malcolm kabla hajatengana na Nation of Islam. Wafuasi wake waliokuwa mlangoni siku ile waliwajua kwa sura. Katika wiki ambayo nyumba ya Malcolm ilikuwa imetupiwa mabomu ya petroli, watu kama hao wangepitaje bila kuzuiwa?

Tena wote wawili walikuwa majumbani mwao Bronx, wagonjwa. Butler alikuwa na matatizo ya mguu na alikuwa ametibiwa hospitali siku ile. Johnson alisumbuliwa na baridi yabisi. Polisi waliwafuata kwa sababu tayari walikuwa na kesi ya kumpiga risasi mtu mwingine aliyejitoa Nation of Islam. Majina yalikuwa yapo mezani, yakachukuliwa.

“Vinasaba ndivyo vilivyowaokoa”

Tumezoea kusikia hivyo kuhusu kesi za zamani, lakini hapa haikuwa hivyo. Hata ile bunduki ya mauaji haikuwepo tena ya kupimwa. Uchunguzi wa miezi 22, uliofanywa na ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, pamoja na mawakili wa wawili hao, uliwaokoa kwa karatasi: mafaili ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, na ya polisi wa New York yaliyokuwepo tangu miaka hiyo hiyo ya sitini.

Yalikuwa na nini? FBI walikuwa na maelezo ya mtu mwenye bunduki ambayo hayakufanana na Johnson, na yalielekeza kwa mtu mwingine, wa Newark. Baadhi ya mashahidi walikuwa watoa habari wa FBI, na mkurugenzi J. Edgar Hoover mwenyewe alikuwa ameagiza wasiwaambie polisi wala waendesha mashtaka. Polisi nao walikuwa na makachero wao ndani ya ukumbi. Waendesha mashtaka walilijua hilo, wakawanyima mawakili wa utetezi habari hiyo. Faili la polisi lilionyesha pia kwamba asubuhi ya siku ile mwandishi wa gazeti la Daily News alikuwa amepigiwa simu akaambiwa Malcolm atauawa.

Shahidi mpya alikuwepo, mmoja. Ni mtu aliyekuwa akipokea simu msikitini Harlem siku ile. Alieleza kwamba Butler alipiga simu akimtaka kiongozi wake, na yeye akampigia tena kwa namba ya mezani ya nyumbani kwake. Simu za mwaka 1965 hazikutembea na mtu. Ukipokea simu ya nyumbani, uko nyumbani.

“Haya ni ya Wamarekani, sisi hayatuhusu”

Yanatuhusu. Oktoba 1964 Malcolm alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar aliyekuwa waziri katika serikali ya Tanzania. Desemba mwaka huo huo Babu alikuwa mgeni wake New York, akahutubia katika ukumbi huo huo wa Audubon. Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, alipouawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, Babu naye alishitakiwa. Aliwekwa kizuizini Tanzania Bara hadi 1978, huku mahakama ya Zanzibar ikimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Alikana kuhusika mpaka mwisho wa maisha yake.

“Sasa imethibitika kwamba serikali ndiyo iliyomuua”

Uchunguzi wa 2021 haukusema hivyo. Ulisema vyombo vya serikali vilificha ushahidi ambao pengine ungewaachia huru washitakiwa wawili. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayempenda Malcolm asiifute kwa pupa. Tunajua FBI walimfuatilia kwa miaka mingi. Kumfuatilia mtu si sawa na kuagiza auawe. Hilo linadai ushahidi wake lenyewe. Wala kufutwa kwa hukumu hakukuwatia hatiani wale wanne aliowataja Hayer. Hakuna aliyewahi kushitakiwa badala ya waliosingiziwa.

“Waliachiwa zamani, na sasa wamelipwa”

Aziz alitoka mwaka 1985 na Islam 1987, kwa parole. Parole humtoa mtu gerezani na kumwacha na hatia yake. Walitoka wakiwa bado wauaji wa Malcolm X machoni pa sheria, machoni pa waajiri, na machoni pa Waislamu wenzao waliompenda marehemu. Kwa jumla walikaa gerezani miaka 42. Islam alifariki mwaka 2009, bado na hatia hiyo. Aziz alisimama mahakamani akiwa na miaka 83 na kumwambia jaji kwamba hahitaji mahakama, waendesha mashtaka wala kipande cha karatasi kumwambia kuwa hana hatia.

Mwaka 2022 jiji la New York lilikubali kulipa dola milioni 26 na jimbo milioni 10, kugawanywa kati ya Aziz na warithi wa Islam. Novemba 2024 mabinti wa Malcolm nao wakafungua shauri lao dhidi ya FBI, shirika la ujasusi la CIA na polisi wa New York, wakidai dola milioni 100 kwa kifo cha baba yao.