Je, wajua? Mwanamke wa kijani hakuwa wa Kapteni Kirk

Mtajie Kapteni Kirk mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za angani, hata yule ambaye hajatazama sehemu moja, na atakuambia mambo mawili: kwamba Kirk ndiye nahodha wa chombo cha angani Enterprise, na kwamba alikuwa kiwembe. Kila sayari anapotua, ana mwanamke. Ukimwomba ushahidi, atakutajia yule mwanamke wa kijani.

Nami niliamini hivyo kwa miaka, mpaka nilipokaa nikazitazama sehemu zote 79 za tamthilia ile ya mwanzo, iliyorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969.

Mwanamke wa kijani yupo kweli. Anaonekana msimu wa kwanza, ngozi kama jani la mgomba, nywele nyeusi, anacheza ngoma mbele ya nahodha. Ila nahodha huyo si Kirk. Ni Christopher Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter katika sehemu ya majaribio iliyopigwa mwaka 1964, kabla William Shatner, mwigizaji wa Kirk, hajaingia kazini. NBC waliikataa. Gene Roddenberry, aliyeibuni tamthilia hiyo, hakukubali picha zile ziozee stoo. Mwaka 1966 akazipachika ndani ya hadithi nyingine, ambamo Spock, msaidizi wa Kirk, yuko mashtakani na picha za Pike zinaonyeshwa mahakamani kama ushahidi. Kirk yumo chumbani humo, ameketi, anatazama skrini. Yaani Kirk alimwona yule mwanamke kama tulivyomwona sisi, kwenye televisheni.

Na si hilo tu. Mwanamke mwenyewe, Vina, ni binadamu wa kawaida. Ule ukijani ni kiinimacho ambacho viumbe waliomteka Pike wamemtia kichwani ili wamnase. Pike naye anafanya nini? Anainuka na kuondoka.

Sasa, picha moja tu ya ngoma ile ingetosha kuchanganya watu kiasi hiki? Nadhani jibu liko mwishoni mwa vipindi. Majina ya waigizaji na mafundi yalipokuwa yakipita, nyuma yake zilionyeshwa picha za mnato, na mojawapo ilikuwa ya Vina akiwa wa kijani. Miaka ya 1970 vituo vya Marekani vilirudia tamthilia hii bila kuchoka. Mtoto aliyeketi sebuleni alimtazama Kirk karibu saa nzima, kisha akamwona mwanamke wa kijani. Akili ikawaozesha.

Kuna wa pili, na huyu alimkaribia Kirk kweli. Januari 1969, msimu wa mwisho, Kirk anapeleka dawa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwenye sayari ya mbali, anatekwa na wagonjwa, na mmoja wao, Marta wa kijani aliyeigizwa na Yvonne Craig, anatumwa amlainishe. Anambusu, kisha anachomoa kisu. Kama hayo ndiyo mapenzi, basi Kirk tumwonee huruma.

Simtakasi. Alibusu wengi, na kamera za zama zile hazikuwa na haya kwa sketi fupi. Ipo pia sehemu ambamo hitilafu ya mitambo inamgawa Kirk watu wawili, na yule nusu mwovu anamvamia karani wake wa kike. Haitazamiki kirahisi leo. Lakini ukipanga mabusu yale na kuuliza kila moja lilitokeaje, picha inabadilika. Mara nyingi Kirk ni mateka anayetafuta upenyo wa kutoroka. Mara yuko kwenye dawa: binti mfalme mmoja ana machozi yanayomfanya mwanamume mtumwa wake. Mara amepoteza kumbukumbu, akaoa, akafiwa na mke mjamzito. Lile busu lake maarufu na Uhura, afisa wa kike wa Enterprise, la Novemba 1968 ni la kulazimishwa. Viumbe wenye nguvu za akili wanawachezesha kama vikaragosi.

Anapopenda mwenyewe, anapenda mpaka anaumia. Mwaka 1967 ilionyeshwa hadithi inayomrudisha New York ya 1930, na huko anampenda Edith Keeler, mwanamke anayelisha maskini. Halafu anagundua kwamba asipokufa Edith katika ajali ya barabarani, historia nzima itapinda na Ujerumani ya Hitler itashinda vita. Kirk anamzuia daktari wake asimwokoe. Kiwembe hapewi hadithi kama hiyo.

Kwa nini basi tunakumbuka vingine? Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge aliwapa watu ngano ya Wahindi Wekundu wasome, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Katika kitabu chake cha 1932 anaonyesha jinsi mitumbwi ilivyogeuka mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Kisichofanana na tunachokijua, tunakinyoosha mpaka kifanane. Miaka ya 1960 mtazamaji alikuwa na kiolezo tayari, steringi shujaa na mrembo mpya kila mara, na tamthilia iliyoleta mwigizaji mgeni wa kike kila wiki bila kumrudisha wiki inayofuata ilikijaza kiolezo hicho vizuri mno. Msiba wa Edith ulisahaulika, busu likabaki. Kisha wakaja wachekeshaji. Zapp Brannigan wa katuni ya Futurama, iliyoanza 1999, ni Kirk aliyekuzwa mpaka akawa kituko, na wapo waliomjua Zapp kabla ya Kirk.

Sisi wa Uswahilini tusicheke sana. Abu Nuwas halisi alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, sifa zake zikiwa mashairi ya mvinyo. Kwetu ni Abunuwasi mjanja, na kisa cha sufuria iliyozaa tunampa yeye, ilhali Waturuki humpa Nasreddin. Jina likishapata sifa, visa hulifuata vyenyewe.

Kinachonichekesha ni kilichotokea 2009, J.J. Abrams alipotoa filamu mpya ya Star Trek. Kirk wake, Chris Pine, ni kijana mwanafunzi wa chuo cha jeshi la angani, na tunamkuta bwenini kitandani na Gaila, binti wa kijani. Hapo uvumi wa miaka arobaini ukapata ushahidi wake. Ajabu ni mahali walipouweka. Katika tamthilia ya mwanzo tunaambiwa Kirk alikuwaje chuoni: rafiki yake wa zamani, Gary Mitchell, anamkumbuka kama rundo la vitabu lenye miguu, mkali kiasi kwamba Mitchell ilimbidi amsukumizie msichana mmoja wa maabara ili amtoe kwenye masomo. Kirk, badala ya kuchezacheza, nusura amuoe.