Sinia la aluminiamu kwenye rimu: mafuta yanapungua kweli?

Mwanafunzi mmoja wa ufundi magari aliingia karakana kwetu akiwa na masinia mawili ya aluminiamu kwapani, yale ya kupakulia pilau. Alitaka kuyafunga kwenye magurudumu ya nyuma ya gari la kaka yake ili lipunguze ulaji wa mafuta. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana Marekani wako watu wanaofanya hivyohivyo kwa masinia ya kuokea piza. Na wazo lenyewe ni la siku nyingi. Kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, magari ya kutafuta rekodi za mwendo yalianza zamani kuvaa visahani laini vya aluminiamu. Vilivyovuma zaidi ni vile vya Dean Moon wa California, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake.

Tazama gurudumu lenyewe. Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, sehemu ya juu kabisa ya tairi inakwenda mbele kwa kilomita 200 kwa saa, na ile iliyokanyaga lami kwa nukta hiyo imesimama. Katikati yake kuna rimu yenye mikono na matundu, inayofanya kazi ya pangaboi bila kutumwa: inavuta hewa ya ndani, inaitupa nje, na hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri ubavuni mwa gari inavurugika. Pangaboi hilo linazungushwa na petroli yako. Ukiziba matundu kwa kitu chenye uso laini, hewa inapita ubavuni bila kuvurugika.

Viwanda vinalijua hilo. Honda Insight ya kwanza, iliyotoka 1999, ilifunikwa magurudumu ya nyuma kwa bodi yenyewe. Tesla Model 3 ilipotoka 2017 ilikuja na vifuniko vya plastiki juu ya rimu. Toyota Prius ya kizazi cha pili, ambayo barabara zetu zinaijua, nayo ilikuja na plastiki juu ya rimu ya aluminiamu. Kuna wenye gari wanaoivua plastiki ile na kuitupa kwa sababu rimu ya ndani inang'aa zaidi. Kama yako bado iko stoo, irudishe. Ni kifuniko kilichotengenezwa na wataalamu, na hakikudai senti.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyana. Chukua gari dogo la kilo 1,100. Kwenye kilomita 40 kwa saa, hewa inalikinza kwa nguvu ya takriban niutoni 54 (niutoni ni kipimo cha nguvu; kumi ni kama mzigo wa kilo moja), na tairi kubingirika kwenye lami kunalikinza kwa karibu niutoni 120. Mbele kidogo, kwenye kilomita 60 hivi, nguvu hizo mbili zinalingana. Kwenye kilomita 100 hewa imefika niutoni 336, karibu mara tatu ya tairi. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa unazidi mara nne. Kwa hiyo anayeamkia foleni ya Mbagala na kulala kwenye foleni ya Ubungo asijisumbue na masinia. Bora akapime upepo wa matairi.

Kwa msafiri wa barabara kuu, tuseme vifuniko vimepunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 3, ambayo si haba kwa kazi ya nyumbani. Mafuta yatapungua kwa asilimia 2 au chini yake. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 32, na utakuwa umeokoa kama nusu lita. Anayekwenda mara moja kwa mwaka hata bei ya masinia hairudi. Anayepiga safari hiyo kila wiki, baada ya miezi michache ataona kitu. Lakini yeyote kati yao akishusha mwendo kutoka kilomita 110 hadi 90, ukinzani wa hewa unapungua kwa theluthi, na hakuna fundi wa kulipwa.

Ukiamua kutengeneza, anza na kipimo. Rimu ya namba 14 haina upana wa inchi 14 kwa nje. Namba ile inapimwa pale tairi linapokalia, na ukingo wa nje unaizidi kwa inchi moja na kitu. Usikisie, pima kwa futi kutoka ukingo hadi ukingo. Bati la aluminiamu la milimita 1 linatosha, na duara la sentimita 39 litakuwa na uzito wa kama gramu 320. Mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, watakukatia duara na kukunja ukingo kwa muda mfupi. Ukingo usiokunjwa ni kisu, na unazunguka jirani na miguu ya watu na magoti ya waendesha baiskeli. Kifuniko kisitokeze nje kupita ubavu wa tairi.

Njia salama kwa rimu za chuma ni kutumia kifuniko cha plastiki cha zamani chenye klipu zake na waya wake mzima. Kiweke juu ya bati, tafuta kitovu, kisha funga bati kwa riveti sita au nane zilizopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka duara. Toboa tundu la kufikia valvu, na upande wa pili toboa tundu jingine kama hilo ili uzito usiegemee. Usidharau hilo. Kwenye kilomita 100 kwa saa gurudumu dogo linazunguka zaidi ya mara 900 kwa dakika, na gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa ukingo zinavuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 3. Mtetemo wa gari utakuambia.

Mambo mawili hatuyaruhusu kabisa karakana kwetu. La kwanza ni kutoboa rimu yenyewe. La pili ni kuweka bati au plastiki kati ya nati za tairi na rimu. Bati laini linabonyea taratibu, nati inalegea, na gurudumu linaweza kuchomoka safarini.

Halafu kuna breki. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria, likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, linaacha kwenye breki joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Hiyo ni mara moja tu. Fikiria sasa mteremko wa Kitonga, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Breki za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na matundu ya rimu ndiyo yanayotoa sehemu ya joto hilo. Ndiyo maana yule kijana nilimruhusu magurudumu ya nyuma peke yake, na hata huko tuliacha nafasi ya nusu sentimita hivi kuzunguka ukingo ili hewa ya moto itoke. Gari la mizigo au la kushuka milima kila siku lisifungwe vifuniko hata kidogo.

Kujua kama imefaa, jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, nenda safari yako ya kawaida, rudi kwenye pampu ileile ujaze tena, ugawe kilomita kwa lita. Fanya hivyo safari kadhaa na vifuniko na nyingine kadhaa bila vifuniko, upepo wa matairi ukiwa uleule na mzigo uleule. Safari moja haithibitishi kitu, maana foleni ya Chalinze peke yake inaweza kumeza asilimia 2 zote.

Na baada ya kilomita 50 za kwanza, simama pembeni pahali salama, shika kila kifuniko kwa mkono na ukitikise. Kikicheza hata kidogo, kivue ukitupe kwenye buti, uendelee na safari.