Ainsworth, mpira mrefu, na kauli ya "kupandishwa na korona"

Wiki iliyopita, katika kozi ya makocha wa ngazi ya awali ninayoifundisha, nilionyesha kipande cha video cha Wycombe Wanderers, klabu ya Uingereza iliyofundishwa na Gareth Ainsworth, ya msimu wa 2019/20 uliokatizwa na korona, ili tuzungumzie jinsi timu inavyojipanga kugombea mpira wa pili, yaani ule unaoanguka baada ya kugombewa hewani. Kabla sijasimamisha picha, mwanafunzi mmoja alisema kwa sauti kwamba huyo Gareth Ainsworth ni kocha wa kubutua tu, aliyepandishwa daraja na korona. Wenzake wakacheka na kumuunga mkono. Hiyo ni mara ya nne ninaisikia kauli hiyo darasani, ikiwa karibu na maneno yaleyale, na nimechoka kuijibu katika dakika mbili za mwisho wa kipindi huku watu wakifunga mabegi yao.

Nianze na mchezaji, kwa kuwa kocha huyu haeleweki bila yeye. Ainsworth alizaliwa Blackburn mwaka 1973, akaachwa na Blackburn Rovers akiwa bado kijana, akaanzia Northwich Victoria, klabu iliyokuwa nje ya ligi ya kulipwa. Alikuwa winga wa kulia mwenye mbio na mapafu. Port Vale walimnunua kutoka Lincoln City mwaka 1997 kwa pauni 500,000, na mwaka mmoja baadaye Wimbledon, waliokuwa Ligi Kuu, wakatoa pauni milioni 2. Majeraha yalimla miaka yake mizuri. Alitua Queens Park Rangers (QPR) mwaka 2003, akapanda nao daraja msimu huohuo, akakaimu ukocha mara mbili akiwa bado mchezaji, kisha akahamia Wycombe.

Jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipitia juujuu ni kwamba kocha mmoja, John Beck, alimsajili katika klabu tatu tofauti: Cambridge United, Preston na Lincoln. Beck ndiye aliyeipandisha Cambridge kutoka daraja la nne hadi la pili kwa misimu miwili mfululizo, 1990 na 1991, kwa mpira wa moja kwa moja uliowakera wengi Uingereza. Aliagiza nyasi za pembe za uwanja ziachwe zirefuke ili mpira uliotupwa nyuma ya beki wa pembeni upunguze mwendo na usitoke nje kabla winga hajaufikia. Mtu anaweza kuchukia mpira huo, lakini hawezi kusema haukufikiriwa. Kijana aliyekuwa akizikimbilia pembe hizo alijifunza mapema kwamba beki anayegeuzwa kulitazama lango lake mwenyewe ni beki aliyekwisha kupoteza nusu ya uwezo wake, na somo hilo ninaliona katika kila timu aliyoifundisha baadaye.

Alipewa Wycombe Septemba 2012, Gary Waddock alipofukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 39 na bado akicheza. Klabu ilikuwa imeshuka hadi League Two, daraja la nne la Uingereza, ilikuwa imechukuliwa mwaka huohuo na umoja wa mashabiki wake, na akademi ilikuwa imefungwa ili kuokoa fedha. Ninaomba wanafunzi wangu waisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Klabu isiyo na akademi haina kijana wa kumwita Jumanne jioni beki anapoumia misuli ya paja. Inabaki na wachezaji wa mkopo, wachezaji walioachwa na wenzao, na mikataba ya mwaka mmoja. Agosti 2015, kipa wa Wycombe alipoumia ugenini Plymouth, aliyeingia langoni ni Barry Richardson, kocha wa makipa mwenye umri wa miaka 46, na timu ikashinda 1-0. Habari hiyo husimuliwa kama kichekesho. Mimi huisoma kama taarifa ya hesabu za klabu.

Mei 3, 2014, siku ya mwisho ya msimu, Wycombe walikuwa katika nafasi ya kushuka na kutoka kabisa katika ligi waliyoingia mwaka 1993. Walilazimika kushinda Torquay na kuomba wengine wateleze. Walishinda 3-0, Bristol Rovers wakafungwa nyumbani 1-0 na Mansfield, na Wycombe wakabaki kwa tofauti ya mabao. Msimu uliofuata kocha huyohuyo alimaliza wa nne kwa pointi 84, akafika Wembley katika fainali ya mchujo, mechi za kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda daraja, na akaipoteza kwa penalti 7-6 baada ya Southend kusawazisha katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Alipanda League One, daraja la tatu, mwaka 2018. Hakuna korona hata kidogo katika habari hii yote.

Sasa nifike kwenye neno linaloniudhi. Kubutua ni kitendo cha mchezaji aliyebanwa, asiye na chaguo, anayeuondoa mpira miguuni mwake ili balaa limwondokee. Mpira wa kubutua hauna mwenyewe. Mpira mrefu wa timu iliyofundishwa una mwenyewe kabla haujaondoka mguuni mwa kipa: anayeuruka anajulikana, anayesimama hatua sita mbele yake anajulikana, anayekimbia nyuma ya beki anajulikana, na viungo wawili wamekwisha kusogea mahali ambapo mpira utaangukia ukiguswa na mpinzani. Tofauti ya vitu hivi viwili haionekani kwa mtu anayeufuata mpira kwa macho, kwa sababu mpira wenyewe hupita hewani kwa namna ileile. Huonekana kwa anayewatazama watu kumi wasio na mpira. Ndiyo maana huwa ninasimamisha picha, na ndiyo maana hunikera mtu anapotoa hukumu kabla sijaisimamisha.

Mfikirie mshambuliaji Adebayo Akinfenwa. Baada ya AFC Wimbledon kushinda fainali ya mchujo mwaka 2016 aliachwa, na klabu nyingi zilimwona kama mzigo mzito usiokimbia. Ainsworth alimchukua, na akabaki naye hadi alipostaafu mwaka 2022. Kocha mwingine angemlazimisha kukaba kuanzia mbele na kumchosha kufikia dakika ya ishirini. Ainsworth aliipanga timu kwa namna ambayo udhaifu wa mtu huyo haukuulizwa swali hata moja, na nguvu yake iliulizwa kila dakika. Beki wawili walilazimika kumshika. Hiyo ina maana kwamba mahali fulani uwanjani kuna mtu wa Wycombe asiye na mlinzi, na kazi ya mazoezi ya wiki nzima ilikuwa kuhakikisha mtu huyo anajua kwamba ni yeye. Mtu akishalielewa jambo hilo, ataelewa kwa nini mawinga wa timu ile walisimama karibu na kati kuliko ilivyo kawaida wakati kipa anapiga, na kwa nini hawakutawanyika hadi mpira wa pili uliposhikwa.

Ongeza mipira iliyokufa, yaani kona na mipira ya adhabu. Septemba 2019, dhidi ya Lincoln, beki wa kushoto Joe Jacobson alifunga mabao mawili moja kwa moja kutoka kona katika mchezo mmoja. Bao moja la aina hiyo unaweza kuliita bahati. Ukiona kipa anazuiliwa njia yake kwa namna ileile mara mbili, na mguu uleule unapinda mpira kwenda nguzo ileile, inakubidi ukubali kwamba watu hao walikaa uwanja wa mazoezi kwenye baridi wakilirudia jambo hilo hadi likakaa mwilini. Kona haihitaji mchezaji wa pauni milioni 5. Inahitaji muda, na muda ndicho kitu pekee ambacho klabu maskini inaweza kuwa nacho sawa na klabu tajiri.

Haya, korona. League One ilisimama Machi 2020 na klabu zikapiga kura mwezi Juni kuumaliza msimu kwa wastani wa pointi kwa kila mchezo. Wycombe walikuwa wa nane kwenye jedwali, na baada ya hesabu wakawa wa tatu. Hapo ndipo watu huacha kusoma. Wycombe walikuwa na pointi 59 katika michezo 34, yaani wastani wa 1.74. Oxford, Portsmouth na Fleetwood walikuwa na pointi 60 katika michezo 35, yaani 1.71. Peterborough walikuwa na 59 katika 35, na Sunderland 59 katika 36. Jedwali lililowaonyesha Wycombe wa nane lilikuwa likiwalinganisha watu waliocheza michezo tofauti, jambo ambalo hata mtoto anayecheza mechi za mtaani asingelikubali. Tena, timu hiyo ilikuwa imeongoza ligi kabla ya Krismasi.

Lakini nikiwa mkweli, ni lazima niseme jambo ambalo watetezi wa Wycombe huliruka. Kama wangeucheza mchezo wao wa pungufu na kuupoteza, wangekuwa na pointi 59 katika 35, sawa na Peterborough waliokuwa na mabao mengi zaidi, na wangekuwa nje ya nafasi sita za juu, yaani nje ya mchujo. Kanuni ya wastani ilidhani kwamba wangeendelea kama walivyokuwa, ilhali kiwango chao kilikuwa kimeshuka baada ya mwaka mpya. Sijui namna ya kulimaliza tatizo hilo, na nimelifikiria kwa miaka kadhaa. Ninaloweza kusema ni kwamba hesabu hiyo iliwapa nafasi ya kucheza mchujo, haikuwapa daraja. Daraja walilitafuta uwanjani: walishinda 4-1 Fleetwood, wakatoka sare 2-2 nyumbani, na Julai 13 wakaifunga Oxford 2-1 katika Wembley tupu. Oxford walikuwa timu ya pasi nzuri. Bao la kwanza la Wycombe, la Anthony Stewart, lilitokana na kona. La pili lilikuwa penalti ya Jacobson baada ya Fred Onyedinma kuuwahi mpira mbele ya kipa Simon Eastwood na kuangushwa. Kona, na mkimbiaji nyuma ya mabeki: mwanafunzi wa Beck asingeweza kuandika saini yake kwa uwazi zaidi.

Msimu wa Championship, daraja la pili, wa kwanza katika historia ya klabu, walipoteza michezo saba ya mwanzo na bado wakashuka kwa pointi moja tu, 43 dhidi ya 44 za Derby County. Sitalifungua hapa suala la pointi walizokatwa Derby msimu uliofuata kwa sababu za kifedha; linahitaji makala yake.

Kuna mambo ninayoyatilia shaka, na sitaki wanafunzi wangu wadhani nimeyaficha. Timu za Ainsworth zilipoteza muda kwa makusudi. Kipa alichelewa, mrusha mpira alibadilishwa, majeruhi alilala zaidi ya ilivyohitajika. Ninaelewa kwa nini timu yenye kikosi chembamba hutafuta pumzi kwa njia hiyo, ila sijawahi kuifundisha na sioni raha kuitetea. Pia sijui ni sehemu gani ya kazi hii ni ya Ainsworth na ipi ni ya Richard Dobson, msaidizi wake wa miaka mingi. Vitabu vya ukocha huandika jina moja juu ya ukurasa kwa sababu ndivyo inavyopendeza, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la ufundi anajua kwamba wazo zuri la Alhamisi mara nyingi halikumbukwi lilitoka kinywani mwa nani.

Shaka kubwa zaidi ni QPR. Aliondoka Wycombe Februari 2023 na kurudi katika klabu aliyoichezea kwa miaka saba. Aliikuta ikiporomoka, na aliibakiza Championship, kwa ushindi wa ugenini dhidi ya Burnley waliokuwa wakielekea kutwaa ubingwa na mwingine dhidi ya Stoke. Lakini Oktoba mwaka huohuo alifukuzwa baada ya kufungwa michezo sita mfululizo, na Marti Cifuentes, aliyerithi kundi lilelile, aliwafanya wacheze pasi na wakasalimika bila presha ya siku ya mwisho. Hilo haliwezi kufutwa kwa maneno. Maelezo yangu ni kwamba njia ya Ainsworth hujengwa kwa kuchagua watu mmoja mmoja kwa miaka, na kwamba pale alikuta wachezaji waliosajiliwa kwa mpira mwingine, huku yeye akiwa amezoea kuanza na watu walioachwa na wenzao, watu wenye sababu ya kumsikiliza. Ni maelezo yanayoniridhisha siku nyingi. Siku nyingine ninaona kwamba ningempa kocha nisiyempenda hukumu kali zaidi kwa ushahidi uleule. Baadaye alichukua Shrewsbury Town iliyokuwa katika nafasi za kushuka League One, Novemba 2024, na Machi iliyofuata akaondoka kwenda Gillingham, daraja moja chini, akiiacha timu mkiani. Miezi minne haitoshi kumhukumu mtu, wala haitoshi kumtetea.

Kwa mwanafunzi wangu aliyesema ile kauli: kipindi kijacho nitaleta fainali ya Oxford yote, dakika tisini. Nitakupa karatasi yenye mchoro wa uwanja. Kila Wycombe wanapopiga mpira mrefu, weka alama mahali alipokuwa amesimama kila mchezaji wao sekunde mbili kabla ya mguu kuugusa mpira, si baada yake. Tutazihesabu pamoja zile ambazo hazikuwa na mwenyewe.