Je, wajua kwa nini kiuno kikiumia, mguu ndio unaolia?

Mtu wa Lamu akianza kuhisi moto unaotoka takoni, ukashuka nyuma ya paja, ukapita shavu la mguu mpaka kidoleni, jambo la kwanza hutafuta mtu wa kumkanda mguu. Mguu unapakwa mafuta, unafungwa kitambaa, unachuliwa asubuhi na jioni, na bado unawaka. Mguu hauna kosa. Jeraha liko kiunoni, karibu mita nzima juu ya pale panapouma, na mara nyingine kiuno chenyewe hakiumi hata kidogo. Yawezekanaje?

Ndani ya nyama ya tako imepita neva nene na ndefu kuliko zote mwilini. Madaktari huiita sayatiki, na maumivu yake huitwa sayatika. Mwanzoni ina upana wa karibu sentimita 2. Lakini haikuanzia takoni: imeungana kutoka mizizi mitano, miwili ikitokea kwenye pingili za chini za kiuno, na mitatu kwenye mfupa ulio chini yake, ule unaoshikana na nyonga. Ikifika karibu na goti hugawanyika. Tawi moja huelekea mbele ya muundi na upande wa juu wa wayo, jingine hushuka nyuma hadi unyayoni.

Ubongo hauoni mahali neva ilipobanwa. Unachojua ni kwamba habari inayokuja kwa njia hii kwa kawaida hutoka mguuni, basi unaisoma hivyo hivyo. Ni sawa na nyumba yenye kengele ya umeme mlangoni: waya zikigusana katikati ya ukuta kengele italia, na mwenye nyumba atashuka ngazi kumfungulia mgeni ambaye hayupo.

Kinachobana mara nyingi ni diski, yale matakia ya gegedu yaliyo kati ya pingili na pingili. Nje yana tabaka za nyuzi ngumu, ndani yana ute mzito uliojaa maji. Nyuzi zikichakaa zikapasuka, ute hupenya nje. Nyuma ya diski, katikati, kuna kano ndefu inayouzuia, lakini kano hiyo huwa nyembamba kadiri inavyoshuka kiunoni. Kwa hiyo ute hutokea kando, na kando ndiko mizizi ya neva inakopita. Zaidi ya 9 katika kila diski 10 zinazopasuka kiunoni ni zile mbili za chini kabisa, zinazobeba uzito wote wa juu. Kwa wazee sababu huwa tofauti kidogo: mfereji wa uti wa mgongo umebanwa na mifupa iliyoota na kano zilizonenepa, na mzee huyo utamtambua kwa kuwa akitembea kidogo miguu inauma, akikaa au akiinama mbele anapata nafuu.

Mtu anayetaka kujua ni mzizi gani umeguswa asikilize vidole vyake. Maumivu au ganzi ikija upande wa juu wa wayo hadi kidole gumba, mzizi wa tano wa kiuno ndio unaoshukiwa, na huenda mtu akashindwa kutembea kwa visigino. Ikija ukingo wa nje na kidole kidogo, ni mzizi unaofuata chini yake, na kusimama kwa ncha za vidole ndiko kunakomshinda. Daktari naye atamlaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka: moto ukishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, neva inavutwa mahali ilipobanwa. Kukohoa na kupiga chafya huongeza maumivu, kwa sababu msukumo ndani ya mgongo hupanda ghafla. Lakini miguu yote miwili ikiwaka kuanzia nyayo, kama soksi mbili za moto, kapime sukari kwanza. Hiyo mara nyingi ni kazi ya kisukari, wala haihusu diski.

Maradhi haya ni ya kale sana. Wanaosoma tafsiri ya Surat Aal Imran, aya ya 93, wamekutana nayo: wafasiri wengi husimulia kwamba Nabii Yaakub aliugua maradhi ya neva hii, akaweka nadhiri kwamba akipona ataacha chakula anachokipenda kuliko vyote, nyama ya ngamia na maziwa yake. Mwaka 1764 daktari wa Naples, Domenico Cotugno, aliandika kitabu kizima kutenganisha maumivu ya neva na maumivu ya kiungo cha nyonga. Diski yenyewe ilichelewa kujulikana. Ni mwaka 1934 ndipo wapasuaji wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoonyesha kwamba vile vinyama walivyokuwa wakivitoa migongoni wakidhani ni uvimbe, vilikuwa vipande vya diski.

Hata baada ya ugunduzi huo lilibaki swali, na jibu lake ndilo linalonifanya niandike. Kubanwa peke yake hakutoshi kuleta ule moto. Mzizi wa neva wenye afya ukibonyezwa huleta ganzi zaidi kuliko maumivu. Unaouma ni mzizi uliovimba, na kinachouvimbisha ni ute wa diski wenyewe. Ute huo umefungiwa tangu utotoni mahali pasipofika mishipa ya damu, kwa hiyo ukimwagika nje kinga ya mwili huuona kama kitu kigeni na kuushambulia. Shambulio hilo huchoma na mzizi ulio jirani. Siku za kwanza ni mateso matupu: mtu hawezi kukaa, hawezi kulala, hajui ageuke upande gani.

Lakini kinga hiyohiyo ndiyo inayoutafuna ute uliotoka. Chembe zinazokula taka za mwili hukizunguka kile kipande na kukimaliza kidogo kidogo, mpaka picha inayopigwa miezi kadhaa baadaye inaonyesha kimesinyaa au hakipo kabisa. Tena vipande vikubwa, hata vile vilivyokatika kabisa na diski yake, hutoweka mara nyingi kuliko vile vilivyovimba kidogo tu ndani ya nyuzi, kwa kuwa kilichomwagika nje kinafikiwa na damu. Laiti kila mgonjwa angeambiwa hivi siku anayokabidhiwa majibu yake ya kutisha! Wako wanaovuka maji na kupanda basi hadi Mombasa kupigwa picha ya MRI, wakarudi na karatasi yenye maneno mazito na moyo uliovunjika. Mwaka 2015 uchambuzi uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ulionyesha kwamba diski zilizovimba zilikutwa kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Picha ina maana pale tu inapolingana na kidole kinachouma.

Basi alale kitandani asubiri? Hapana, na hili linahitaji kusemwa wazi kwa sababu huruma ya nyumbani humlaza mgonjwa. Uholanzi mwaka 1999 watafiti waligawa wagonjwa 183 wa sayatika: nusu walilazwa wiki mbili, nusu waliambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12 asilimia 87 walikuwa wamepata nafuu katika kila kundi. Kitanda hakikuwaongezea kitu, na mtu anayelala mchana kutwa misuli yake inalegea na hofu inamzidi. Siku moja au mbili za kujinyoosha, sawa. Baada ya hapo atembee, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Mji wetu unafaa kwa hilo. Hakuna msongamano wa magari wa kumkimbiza mtu. Anaweza kuanza na vichochoro vya karibu, kisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha ufukweni kuelekea Shela wakati wa maji kupwa, mchanga ukiwa mgumu. Mchanga laini na mkavu auache kwanza, unamlazimisha kuzungusha nyonga kila hatua. Apime hali yake kwa mahali maumivu yalipo: yakiondoka kidoleni yakapanda hadi pajani, kisha takoni, ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kuliko jana. Robin McKenzie, mtaalamu wa viungo wa New Zealand, ndiye aliyelifanya jambo hili lijulikane. Matembezi au zoezi linaloyashusha maumivu chini zaidi mguuni liachwe kwa sasa.

Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote. Usiku, mgongo ukiwa haujabeba uzito, diski hunyonya maji na kutuna, ndiyo maana sote huamka tukiwa warefu kidogo kuliko tulivyolala. Diski iliyotuna haipendi kukunjwa. Kwa hiyo anayeamka kwa Alfajiri, akainua mguu kuuosha, kisha akarukuu, anakutana na maumivu yake pabaya kabisa. Azunguke kidogo nyumbani kwanza, atawadhe akiwa amekaa kwenye kigoda kirefu, na rukuu ikimshinda aswali kwenye kiti. Mtume (SAW) alimwambia Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Nimeona wazee wenye heshima zao wakijitesa safu ya mbele kwa haya tu, na ruhusa wanayo.

Kitanda cha kamba zilizolegea kikazwe, au kitandikwe godoro gumu. Alale ubavu na mto kati ya magoti. Barazani asikae tangu Alasiri hadi Magharibi bila kunyanyuka, hata mazungumzo yakiwa matamu. Kwenye boti ya Mokowe akae tezi, yaani nyuma ya chombo, wala asikae omo, yaani mbele, maana omo ndiyo inayopigwa na kila wimbi, na majira ya kusi kipigo hicho hufika moja kwa moja kiunoni. Wachukuzi wana shida kubwa zaidi. Mfuko wa saruji una kilo 50, na anayeuinua kutoka chini akiwa ameinama na kujipinda ili aupakie juu ya punda anaipa diski mzigo mkubwa kuliko mkao mwingine wowote. Asogee karibu, akunje magoti, ageuze miguu badala ya kiuno, na wawili wabebe cha wawili. Mafundi wa Matondoni wanaochuchumaa chini ya jahazi siku nzima nao wasimame kila baada ya muda, wajinyooshe kwa kurudi nyuma.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi kwa mkono mwepesi kunalegeza misuli iliyojikaza, na mgonjwa anapata usingizi. Chuku pia wako wanaosema iliwapunguzia, ingawa haifiki kwenye mzizi wa neva. Ninachopinga kwa nguvu zote ni kukanyagwa mgongoni, kuvutwa mguu kwa ghafla, na kuwekewa mchanga wa moto au chupa ya maji ya moto juu ya mguu wenye ganzi. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua, na kama ana kisukari kidonda hicho huenda kisipone. Sindano ya takoni nayo, ikichomwa na mtu asiyejua mahali pake, inaweza kuijeruhi neva ileile tunayoitibu. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki husaidia wengine kwa muda mfupi, lakini zikinywewa mfululizo huumiza tumbo na figo, hasa kwa wazee na wenye presha. Pregabalini, inayoandikwa sana kwa maumivu haya, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 209, na matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kuwa inaishinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani.

Upasuaji upo, na una mahali pake. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, ulikuwa na wagonjwa 283 waliougua kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini ulipotimia mwaka asilimia 95 walikuwa wamepona katika makundi yote mawili, ijapokuwa asilimia 39 ya waliosubiri nao waliishia kupasuliwa. Mtu anayeweza kuvumilia hajakosea kusubiri, na aliyechoka baada ya wiki nyingi hajakosea kukata shauri.

Ila kuna hali isiyosubiri hata kuche. Ganzi ikishika sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, miguu yote miwili ikalegea: hapo kifungu chote cha neva za chini kimebanwa. Itafutwe boti usiku huohuo, avushwe, apelekwe panapopasuliwa mgongo, kwa sababu saa chache zinaweza kuamua kama atatembea na kujizuia tena. Mguu unaoburuza vidole kwa siku kadhaa nao uonwe na daktari wiki hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe kwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kinatibika kwa dawa kikiwahiwa.

Maumivu yakishaisha, ganzi hubaki nyuma, na wengi hudhani hawajapona. Utando wa neva uliochubuka hurudi kwa wiki au miezi, lakini uzi wa neva uliokufa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole kidogo ni safari ndefu. Mtu anaweza kuwa amerudi baharini, anavuta nyavu na wenzake, huku ukingo wa mguu wake ukiwa bado hauhisi mchanga vizuri. Mradi nguvu za mguu zinaongezeka na ganzi haipandi, aendelee na kazi yake.