Je, wajua kwa nini wataalamu wa kompyuta hawaelewani kuhusu matamshi ya SQL na GIF?

Waweke watengeneza programu wawili meza moja. Mmoja atasema "es-kyu-el", mwenzake atasema "sikweli", na wote wanazungumzia lugha ileile ya kuulizia hifadhidata. Kazi itaendelea vizuri tu, lakini kila mmoja anaamini moyoni kwamba mwenzake anakosea. Imekuwaje watu wanaopenda usahihi kiasi hiki washindwe kuafikiana juu ya herufi tatu?

Chanzo ni namna vifupisho vinavyozaliwa. Maneno mengi tunayasikia kwanza, kisha tunajifunza kuyaandika. Kifupisho cha kiufundi huanzia kwenye maandishi: mtu anakiandika kwenye ripoti au mwongozo, na wasomaji wa mbali wanaanza kukitumia kabla ya kumsikia mwenyewe akikitamka.

SQL ina kisa cha ziada. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Donald Chamberlin na Raymond Boyce walikuwa watafiti wa IBM huko San Jose, California. Lugha waliyoitangaza mwaka 1974 waliiita SEQUEL, na jina hilo lilikuwa neno kamili linalotamkika. Baadaye ikabainika kwamba kampuni ya kutengeneza ndege ya Uingereza, Hawker Siddeley, ilikuwa tayari imelisajili kama alama yake ya biashara. Irabu zikaondolewa, ikabaki SQL. Waliokwisha kuzoea "sikweli" hawakuwa na sababu ya kubadilika. Waliokutana na lugha hiyo vitabuni wakaona konsonanti tatu tupu, wakazitaja moja moja. Kwa hiyo kila upande una haki yake: mmoja unashika historia, mwingine unashika maandishi. Ukisoma Kiingereza cha mwandishi unaweza hata kumjua ni wa upande gani. Akiandika "an SQL", anatamka herufi, maana "an" hutangulia sauti ya irabu, kama ile ya "es". Akiandika "a SQL", anatamka neno. Watengenezaji wa MySQL, programu ya hifadhidata inayotumia lugha hiyo, wameeleza kwenye mwongozo wao kwamba matamshi rasmi ni ya herufi, ila hawana neno na anayesema "mai sikweli".

Kwa GIF ugomvi ni mkali zaidi, maana hapa mwenye mali mwenyewe alisema na bado hakusikilizwa. Steve Wilhite aliongoza kazi ya kuunda mfumo huo wa picha katika kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na alitaka utamkwe "jif". Alipopewa Webby, tuzo ya mambo ya intaneti, mwaka 2013, hotuba yake ilikuwa maneno machache tu yaliyotokea kwenye skrini, yakisema hutamkwa "jif", si "gif". Watu wengi waliendelea na "gif" yao, na kamusi za Oxford zinakubali yote mawili.

Hoja kuu ya wanaompinga Wilhite ni kwamba G inasimamia neno "graphics", kwa hiyo lazima ibaki G. Mimi naiona hoja hiyo kuwa dhaifu. P ya JPEG, mfumo mwingine wa picha, inasimamia "photographic", ambamo inasikika F, na hakuna anayesema "jeifeg". Herufi ikishaingia kwenye kifupisho hufuata majirani zake wapya. Tatizo ni kwamba katika Kiingereza majirani hao hawatoi jibu: "gift" na "gin" zote zinaanza na G na I, lakini sauti ni mbili tofauti. Kiswahili hakina mtego huo. G ya "giza" ndiyo G ya "gari", na msomaji wetu anayekutana na GIF kwa mara ya kwanza atasema "gifu" bila kusita.

Hata hivyo nasi tuna mambo yetu. Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, husomwa kama neno moja, lakini TRA, mamlaka ya mapato, ambayo herufi zake zote zimo ndani ya LATRA, husomwa "ti-ar-ei". CCM ni jina la Kiswahili kitupu, Chama Cha Mapinduzi, na bado tunalitaja kwa majina ya herufi za Kiingereza: "si-si-em". CUF, chama kingine cha siasa, nayo ikawa "Kafu".

Palipo na utulivu ni pale waundaji walipochukua silabi badala ya herufi za mwanzo. BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa. TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Soma kwa sauti: hakuna namna ya pili ya kuyatamka, awe msomaji wa Mombasa au wa Mbeya. Wanaounda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili leo ningependa waishike njia hiyo, na kila kifupisho wakisome kwa sauti kabla hawajakiandika kwenye waraka wowote.