Kuomba nafasi kwenye shule ya bweni ya sayansi: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

Juni ikikaribia, wazazi wa Katuba, Kamalondo, Ruashi na komini ya Kenya huanza kuulizana: mtoto amemaliza shule ya msingi, au yuko mwaka wa nane, tumpeleke shule gani ya bweni akasome hesabu na sayansi sawasawa? Majibu hayakosekani. Lakini mengi ni ya kusikia tu, na yapo yanayomnyima mtoto nafasi kabla hajashika kalamu. Ninafundisha hesabu, na haya ndiyo ninayoletewa kila msimu.

«Zile ni shule za mapadri, si za serikali. Si zetu.»

Hili ndilo linalowarudisha nyuma wazazi wengi wa kipato kidogo. Shule za Makanisa zilitaifishwa mwaka 1974. Mwaka 1977 dola likatia sahihi mkataba na Makanisa, yakarudishiwa usimamizi wa shule hizo, ila shule zenyewe zikabaki za umma. Ndiyo maana zinaitwa «conventionnées», yaani za mkataba. Walimu wake wako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wakaguzi ni wa serikali, programu ni ya taifa. Collège Imara ya Wasalesiani, ambayo kila mtu hapa mjini anaijua, iko katika kundi hilo. Mtoto wa mchuuzi wa soko la Kenya ana haki ya kuomba humo sawa na mtoto wa mhandisi wa mgodini.

Ila tusidanganyane upande wa pili. Elimu ya bure inayotajwa na kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, ni ya shule ya msingi. Sekondari inalipiwa, na bweni lina gharama zake: chakula, godoro, sabuni. Karo za shule za umma hupangwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa jimbo. Mzazi aombe orodha ya malipo iliyoandikwa kabla ya kumwandikisha mtoto. Si utovu wa adabu kuiomba.

«Mtoto wangu ana asilimia 82, testi ya kuingia ni kazi ndogo.»

Hapa ndipo machozi mengi hutoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Asilimia iliyoandikwa chini ya buletini, ile ripoti ya alama za mtoto, ni jumla ya masomo yote. Ndani yake mna dini, michezo, uraia na mwandiko. Mama anapoketi mbele yangu na buletini, mimi naanzia kwenye mistari miwili tu: hesabu na Kifaransa. Nimeona buletini za asilimia 80 zenye hesabu ya 55, na nimeona za 66 zenye hesabu ya 85. Huyu wa pili ndiye ningemtuma kwenye testi bila wasiwasi. Tena shule hazitoi alama kwa mkono mmoja. Sabini za shule moja ni hamsini za jirani yake, na wanaosahihisha testi wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo sababu wanafanya testi.

Na testi yenyewe haiulizi kile mtoto alichokariri. Chukueni swali kama hili: theluthi ya namba fulani inazidi robo yake kwa 5; namba hiyo ni ipi? Mtoto aliyezoea kuandikiwa ubaoni «1/3 toa 1/4» atapata 1/12 mara moja, kisha atakaa. Anayefikiri atasema: kama sehemu moja ya kumi na mbili ni 5, basi namba nzima ni 60. Kutoka 1/12 hadi 60 ni hatua moja, na hatua hiyo ndiyo testi. Hakuna fomula ya kuikariri. Inataka mtoto aliyewahi kuachwa na swali peke yake, jioni nzima, bila mtu wa kumtajia jibu.

Wengine wanaangushwa na Kifaransa. Nyumbani tunasema Kiswahili, na ni vyema, lakini swali la testi linaandikwa kwa Kifaransa, na asiyeelewa sentensi hawezi kuigeuza kuwa hesabu. Kwa miezi mitatu kabla ya testi, mwacheni mtoto asome kwa sauti maswali ya hesabu ya Kifaransa, kisha awaeleze kwa Kiswahili anatakiwa kutafuta nini. Asihesabu bado. Aeleze tu. Mzazi ambaye hakusoma hesabu anaweza kabisa kuifanya kazi hiyo, na mimi naiona inasaidia kuliko masaa mengi ya kulipia mwalimu wa jioni.

«Sayansi ni ya waliozaliwa na akili, tena wavulana.»

Mwaka 1962 wanasayansi wa Novosibirsk, kule Siberia, walitangaza maswali ya hesabu na fizikia kwa watoto wa eneo lile kubwa, hata wa vijiji vya mbali. Waliojibu vizuri waliitwa kwenye masomo ya likizo, wakafundishwa mambo mapya, ndipo wakachaguliwa wa kuingia shule ya bweni iliyofunguliwa 1963. Walitaka kuona mtoto anajifunzaje, si anajua nini tayari.

Na Maryam Mirzakhani wa Iran alipita testi ya kuingia Farzanegan, shule ya Tehran ya wasichana wenye vipaji. Mwaka wake wa kwanza pale hesabu zilimwendea vibaya, mwalimu hakuona kipaji kwake, naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mwaka 1995 alipata alama zote kwenye Olimpiadi ya kimataifa ya hesabu, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa katika hesabu. Kwa hiyo baba unayesema binti yako aende ualimu au ushonaji kwa sababu alipata 50 ya fizikia muhula mmoja: umempima mapema mno.

«Bila mtu ndani, huingii.»

Sitasema matabishi, yaani hongo, hayapo. Wote tunaishi hapa. Lakini angalieni kinachompata mtoto aliyepitishwa dirishani: kufikia Desemba yuko nyuma ya wenzake wote, anaona haya kuuliza, na mwisho wa mwaka wanamrudisha nyumbani. Pesa ya mzazi haikumnunulia hesabu. Malipo ya fomu yafanyike kwenye ofisi ya shule, kwa risiti. Anayetaka kukutana nawe nje ya lango, mkimbie, hata kama ni shemeji. Badala ya kutafuta mtu, kamilisha faili: buletini za miaka iliyopita, cheti cha shule ya msingi, cheti cha kuzaliwa, picha. Kila mwaka kuna watoto wazuri wanaokosa testi kwa sababu ya karatasi moja iliyosahauliwa Kolwezi kwa bibi.

«Akiingia bweni, mzazi amepumzika.» Hapana. Muhula wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, hasa kwa aliyekuwa wa kwanza darasani na sasa ni wa ishirini. Mtembelee siku ya ruhusa, na usianze kwa kuuliza nafasi yake.

«Afadhali Zambia.» Ni kweli Zambia ina shule za umma za bweni za sayansi zinazochagua wanafunzi, kama David Kaunda ya Lusaka na Hillcrest ya Livingstone. Lakini zinachagua kwa matokeo ya mitihani ya Zambia, na masomo ni kwa Kiingereza. Kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na buletini ya Kongo mkononi hakutoshi.

«Akianguka testi, sayansi imekwisha.» Sehemu ya sayansi, yaani mchepuo wa sayansi, inaanza baada ya mwaka wa nane, na shule zenye nafasi hupokea wapya wakati huo pia. Aliyekosa mwaka wa saba ana miaka miwili ya kujiandaa. Na hata asipoingia kabisa, shule ya mtaani yenye sehemu ya sayansi inampeleka kwenye Examen d'État ile ile, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambako alama ya kupita ni asilimia 50 kwa wote, na diploma yake inamfungulia mlango wa kuomba Polytechnique (kitivo cha uhandisi) ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, sawa na ya mwenzake wa bweni. Mkiambiwa hakufaulu, ulizeni shule ni somo gani lililomwangusha, hesabu au Kifaransa, kisha muanze na hilo wiki hiyo hiyo.