Je, wajua kwa nini programu yako ya kwanza iliitwa a.out?

Kama umewahi kujifunza lugha ya C kwenye Linux, hali hii unaijua. Umeandika mistari mitano ndani ya faili la jambo.c, ukaandika amri `gcc jambo.c` ya kuigeuza kuwa programu, ukabonyeza Enter. Kimya. Hakuna pongezi wala lawama. Unachungulia kwenye folda na kumkuta mgeni ambaye hukumwalika: a.out. Mimi mara ya kwanza nilimfuta nikidhani ni takataka.

Kumbe takataka hiyo ndiyo programu yenyewe, na jina lake lina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1969 Ken Thompson alianza kuandika mfumo endeshi wa Unix kwenye kompyuta ya PDP-7 huko Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Asembla yake, yaani programu ya kugeuza maagizo yaliyoandikwa kwa herufi yawe namba ambazo mashine inazifuata, haikumuuliza mtu anataka faili liitweje. Siku zote ilitoa jina lile lile: a.out, yaani assembler output, kilichotoka kwenye asembla. Hapakuwa na linka (programu ya kuunganisha vipande) wala maktaba za msimbo ulioandikwa tayari; kilichotoka kiliendeshwa hapo hapo. Baadaye hayo yote yalikuja, na njia ya kuchagua jina pia, ila a.out likabaki kuwa jina la asiyechagua.

Sasa asembla imeingiaje hapa, ilhali wewe uliita gcc? Ni kwamba gcc, pamoja na sifa zake zote, haitafsiri hata mstari mmoja. Ni nyapara tu. Anapokea agizo lako, anawaita mafundi, anawapanga zamu. Wa kwanza ni cc1: anameza mafaili uliyoyataja kwa #include, mistari yako mitano inakuwa mamia, kisha anaitafsiri kuwa lugha ya asembla. Anampa `as`, yaani asembla, anayetoa namba za mashine. Wa mwisho ni `ld`, linka, anayeunganisha vipande.

Ukitaka kuwaona, andika `gcc -### jambo.c`. Nyapara atakuonyesha maagizo ambayo angeyatoa, bila kumtuma mtu. Agizo la kuunganisha peke yake (litaanza na collect2, msaidizi anayemwita ld) hujaza mistari kadhaa ya skrini: kuna crt1.o au Scrt1.o, kipande kinachotangulia main, sehemu ambapo msimbo wako unaanzia (main haijiiti yenyewe), kuna maktaba ya C, kuna njia ya kufikia programu itakayopakia maktaba hiyo siku ya kuendesha. Hebu fikiria kuyaandika hayo kwa mkono kila unaporekebisha nukta mkato moja.

Lakini ukizoea kuongea na nyapara peke yake, hujui fundi yupi amelalamika. Mwanafunzi anatumia sqrt kutafuta kipeuo cha pili, ameweka math.h, faili linalotaja kazi za hisabati, vizuri kabisa, na bado anapata `undefined reference to 'sqrt'`. Anakagua msimbo wake hadi usiku wa manane. Msimbo hauna kosa. math.h ilimweleza cc1 namna sqrt inavyoitwa tu. Sqrt yenyewe imo kwenye maktaba nyingine, na anayeitafuta ni ld. Dawa ni kuongeza `-lm` mwishoni mwa amri, baada ya jambo.c. Ukiona ld ametajwa kwenye kosa, acha kukagua sarufi ya msimbo wako.

Lugha ya Go ilianza bila nyapara wa namna hii. Kabla ya toleo la Go 1 kutoka Machi 2012, kwenye mashine za biti 64 uliita 6g kutafsiri, halafu 6l kuunganisha. Kwenye Intel za biti 32 ni 8g na 8l. Kwenye ARM, 5g na 5l. Na kilichotoka? 6.out. Mtindo huo ulirithiwa kutoka Plan 9, mfumo mwingine wa Bell Labs. Go 1 ilipokuja, amri ikawa moja, `go`, na leo `go build jambo.go` hukupa faili linaloitwa jambo, bila wewe kusema lolote.

Go ilibuniwa na watu watatu: Robert Griesemer, Rob Pike, na Ken Thompson yule yule wa a.out.